SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISOMEA: PUMBA, MAKONYO NA MAGANDA KATIKA VIPODOZI VYA NGOZI

Madhumuni ya somo

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya wajumbe wa bodi, mameneja na vikundi vya kujisomea vya vyama vya msingi. Mwisho wa somo wanachama wataweza kueleza ni mabaki yapi ya mazao yafaayo kutiwa katika vipodozi vya ngozi, ni yapi yasiyofaa, na ni hesabu gani ifanywe kabla chama hakijaomba mkopo wa mashine.

Jambo lenyewe

Kila msimu wa kukoboa mpunga, nyuma ya mashine ya chama huinuka kichuguu cha pumba. Wafugaji huja na magunia yao wakachukua sehemu. Sehemu nyingine hunyeshewa mvua ikaoza. Nyingine huchomwa moto. Siku hizi zimeenea habari kwamba ndani ya pumba hizo mna mafuta yanayotiwa katika krimu za bei kubwa. Kwa hiyo swali huulizwa katika mikutano mikuu: kwa nini chama kisinunue mashine ya kukamua, kikaanza kutengeneza vipodozi vyake chenyewe?

Swali hilo ni jema, maana lengo la ushirika ni kumwezesha mkulima kupata thamani yote ya jasho lake. Hata hivyo, jibu la haraka laweza kukitia chama katika deni la miaka mingi, au kumtia mnunuzi madhara ya ngozi. Jibu lililofikiriwa vizuri huanza na kuyafahamu mabaki yenyewe.

Mifano kutoka nchi mbalimbali

Kutumia mabaki ya mazao katika kutunza ngozi si jambo geni. Huko Japani, tangu zamani, wanawake walitia pumba za mpunga katika vifuko vidogo vya pamba, wakavilowesha maji na kusugulia uso. Maji meupe yaliyotoka yalisafisha ngozi bila kuikausha. Leo mafuta ya pumba hukamuliwa viwandani nchini Japani na, kwa wingi zaidi, nchini India.

Katika Afrika ya Magharibi, hasa Ghana na Nigeria, sabuni nyeusi hutengenezwa kwa majivu ya maganda ya kakao au ya ndizi. Ganda la kakao huchukua zaidi ya nusu ya uzito wa tunda zima, na kwa kawaida huachwa shambani. Likikaushwa na kuchomwa, majivu yake huwa na potasi nyingi. Maji yaliyochujwa kutoka katika majivu hayo huchemshwa pamoja na mafuta ya mawese au ya mise mpaka yakageuka sabuni. Wakulima wa kakao wa Kyela na wakulima wa migomba wa Kagera wanayo malighafi ya namna hiyo hiyo.

Huko Ufaransa, mbegu za zabibu zinazobaki baada ya kukamua divai zilikuwa zikihesabiwa kuwa takataka. Mwaka 1995, katika eneo la Bordeaux, Mathilde Thomas na mumewe Bertrand Thomas walianzisha kampuni ya vipodozi iitwayo Caudalie iliyotumia dutu zilizotolewa katika mbegu hizo. Wakulima wa zabibu wa Dodoma wanayo sababu ya kuutafakari mfano huo.

Mfano ulio karibu zaidi uko Pemba. Karafuu zikichumwa huja katika vishada. Huchambuliwa kwa mkono, na vijiti vinavyobaki huitwa makonyo. Makonyo hayana bei ya karafuu, lakini yana mafuta: kilo 100 za makonyo makavu zikipikwa kwa mvuke hutoa mafuta yapata kilo 5 au 6. Kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kilichoko Wawi, karibu na Chake Chake, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mafuta hayo hutumika, pamoja na matumizi mengine, kutia harufu katika sabuni.

Mifano yote hiyo inalo fundisho moja. Mahali pote ambapo baki limekuwa mali, lilitunzwa kama zao. Halikuzolewa jaani baada ya wiki tatu.

Pumba huharibika upesi

Ili fundisho hilo lieleweke, inafaa kuutazama mpunga kwa undani. Katika kilo 100 za mpunga, makapi, yaani ganda gumu la nje, huwa yapata kilo 20. Pumba halisi, yaani utando laini uliogandamana na punje chini ya ganda hilo, huwa baina ya kilo 8 na 10. Mafuta yamo katika pumba, si katika makapi. Na pumba safi huwa na mafuta baina ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake.

Hapa hutokea kikwazo cha kwanza. Mashine nyingi za vijijini ni zile za chuma za aina ya zamani, zinazokoboa kwa hatua moja. Mashine hizo husaga makapi na pumba pamoja, kisha huvitoa kwa mdomo mmoja. Mchanganyiko huo una mafuta kidogo na una vipande vikali vya makapi vinavyokwaruza ngozi. Mashine yenye rola za mpira huondoa makapi kwanza, ndipo punje isuguliwe. Pumba hutoka peke yake. Chama chenye mashine ya hatua moja kifahamu kwamba kile kinachoitwa pumba nyuma ya mashine yake si pumba ya vipodozi.

Kikwazo cha pili ni wakati. Maadamu utando haujaondolewa katika punje, mafuta yake hukaa salama. Ukiondolewa tu, vimeng'enya vilivyomo katika pumba hukutana na mafuta na kuanza kuyavunja. Asidi huongezeka saa kwa saa. Baada ya siku chache mafuta huwa yamechacha, yana harufu mbaya, na hayafai tena. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya pumba mbichi huoza upesi mno.

Dawa yake ni joto. Viwandani pumba hupitishwa katika mvuke au katika mashine maalumu, joto likifikia nyuzi 100 za Selsiasi au zaidi, ili vimeng'enya vife. Chama kidogo chaweza kukaanga pumba kidogo kidogo katika sufuria pana, siku ile ile ya kukoboa, kwa moto wa wastani, huku zikikorogwa bila kuachwa mpaka zikauke kabisa na kutoa harufu ya njugu zilizokaangwa. Zikishapoa huchekechwa kwa chekeche laini, zikatiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko, na tarehe ikaandikwa juu yake. Kukaanga namna hiyo hupunguza kasi ya kuharibika, lakini hakufikii kazi ya kiwanda. Kwa hiyo pumba hizo zitumiwe katika muda wa wiki chache.

Pumba zilizolowana, zilizoota ukungu, au zilizotokana na mpunga uliotiwa dawa ya kuua wadudu ghalani, zisitumiwe kamwe kwa ngozi. Pumba zenye ukungu wasipewe hata mifugo.

Hesabu inayowashangaza wengi

Ichukuliwe kwamba chama kimoja hukoboa tani 100 za mpunga kwa mwaka, na kina mashine ya kutenganisha makapi na pumba. Chama hicho kitapata pumba safi yapata tani 8. Hesabu ya haraka yasema kwamba tani 8 zenye mafuta ya asilimia 15 zitatoa mafuta tani 1 na kilo 200. Lakini viwanda vinavyofikia kiasi hicho huyeyusha mafuta kwa kemikali, kwa mitambo mikubwa na kwa uangalifu mkubwa wa moto. Mashine ndogo ya kukamua kwa parafujo huacha sehemu kubwa ya mafuta ndani ya mashudu, na mafuta yatokayo bado yanahitaji kusafishwa. Kwa chama cha kiasi hicho, kununua mtambo wa kukamua pumba ni jambo lenye hatari kubwa kuliko faida.

Iko njia nyingine: kutokamua kabisa, bali kutia pumba zenyewe, zilizokaangwa na kuchekechwa, katika sabuni ya mafuta ya nazi. Pumba hizo husugua ngozi polepole. Kilo 1 ya mafuta ya nazi, ili igeuke sabuni yote, huhitaji kostiki soda yapata gramu 180. Watengenezaji wengi hupunguza mpaka gramu 160 hivi, ili sehemu ya mafuta ibaki bila kugeuka na sabuni isikaushe ngozi. Maji huwa yapata gramu 350, na pumba gramu 50. Baada ya kukauka kwa wiki nne hadi sita, mchanganyiko huo hutoa vipande yapata 13 vya gramu 100.

Wanachama na waitazame hesabu hiyo kwa makini. Kilo 1 ya mafuta imetumia gramu 50 tu za pumba. Ili kumaliza tani 8 za pumba kwa njia hiyo, chama kingehitaji tani 160 za mafuta ya nazi, na kingelazimika kuuza vipande zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Hakuna chama cha msingi chenye soko la namna hiyo.

Maana yake ni kwamba vipodozi haviwezi kuondoa kichuguu kilichoko nyuma ya mashine. Vipodozi huhitaji baki kidogo tu, lakini kidogo hicho sharti kiwe safi kuliko kingine chote. Chakula cha ng'ombe na kuku kitaendelea kuwa soko kubwa la pumba, na si busara kuwanyima wafugaji kwa ajili ya ndoto ya krimu. Chama chenye busara hutenga gunia moja au mawili yaliyo bora kabisa, huyashughulikia siku ile ile, na yaliyobaki huyauza kama kawaida. Hapo faida ya sabuni huwa nyongeza, na mapato ya zamani hayaguswi.

Yapo mambo ya usalama yasiyokubali mzaha. Kostiki soda huunguza ngozi na hupofusha macho. Mtengenezaji avae glavu na miwani, na watoto wawe mbali. Kostiki soda ndiyo itiwayo katika maji, kidogo kidogo. Maji yasimwagwe kamwe juu ya kostiki soda, kwa kuwa huchemka na kurukia uso. Vyombo vya aluminiamu visitumiwe, maana huliwa. Kila aina ya mafuta ina kipimo chake cha kostiki soda. Kipimo cha nazi kisitumiwe kwa alizeti au mawese. Vipimo vyote vifanywe kwa mizani, si kwa kikombe. Nguvu ya maji ya majivu, kwa upande wake, hubadilika kila yanapochujwa. Kwa hiyo sabuni ya majivu huhitaji fundi mzoefu na kupimwa kila mara.

Si kila kitokacho shambani ni salama

Wapo wanaoamini kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Imani hiyo ni hatari, na mifano mitatu yatosha kuikanusha.

Wa kwanza ni ganda la korosho. Wabanguaji wa Mtwara na Lindi wanafahamu vema jinsi utomvu wake unavyobabua vidole. Utomvu huo una asidi kali, na mahali pake ni viwandani, katika rangi na vifaa vya breki. Mafuta ya ganda la korosho yasitiwe katika kipodozi chochote. Anayetangaza vinginevyo asisikilizwe.

Wa pili ni maganda ya ndimu na malimau. Mafuta yanayokamuliwa kwa baridi katika maganda hayo yana dutu zinazoamshwa na mwanga wa jua. Mtu akijipaka kisha akaenda shambani, ngozi yaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi kwa muda mrefu. Mafuta ya kujipaka mchana yasitiwe kitu hicho.

Wa tatu ni makonyo yenyewe yaliyosifiwa hapo juu. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli, ambayo hutoa ile harufu ya karafuu. Kwa kipimo kidogo hupendeza; ikizidi huwasha, na baadhi ya watu ngozi zao huikataa kabisa. Nchi za Umoja wa Ulaya hudai kwamba yujenoli itajwe kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika mafuta ya kujipaka, au asilimia 0.01 katika bidhaa ya kuoshwa kama sabuni. Chama kinachotumaini kuuza nje sharti kiijue kanuni hiyo tangu mwanzo.

Kila mchanganyiko mpya ujaribiwe kwanza kwa kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono wa mtu mzima aliyekubali, ukaangaliwe kwa siku mbili. Ukileta wekundu au mwasho, uachwe.

Maji ni adui wa mtengenezaji mdogo

Sabuni iliyokauka na mafuta mazito yasiyo na maji hudumu, kwa sababu vijidudu havistawi ndani yake. Krimu na losheni ni mambo mengine. Ndani yake mna maji. Na maji yakichanganywa na unga wa pumba, wa matunda au wa majani huwa chakula cha bakteria na ukungu. Krimu yaweza kunukia vizuri na bado ikawa na vijidudu vinavyoingia katika michubuko au macho. Kuizuia hali hiyo kunahitaji dawa ya kuhifadhi iliyopimwa barabara, maji safi, na vipimo vya maabara. Kwa hiyo chama kinachoanza kianze na sabuni. Krimu na losheni zingoje mpaka chama kiwe na mtaalamu na maabara ya kupeleka sampuli.

Tena, kipodozi si dawa. Chama kisiandike kwenye karatasi ya kufungia kwamba sabuni yake huponya ukurutu, chunusi au fangasi. Kusafisha na kulainisha ngozi kunatosha. Mwenye ugonjwa wa ngozi aelekezwe zahanati.

Kabla ya kuuza

Tanzania Bara, tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Bidhaa na mahali inapotengenezwa huhitaji kutambuliwa na shirika hilo. Kwa mafunzo na vyombo, vyama vyaweza kupata msaada wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi mikoani. Ni afadhali kwenda katika ofisi hizo kabla ya kununua chombo chochote kuliko baada yake.

Ndani ya chama, mradi uanze na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila fungu la sabuni lipewe namba, na daftari lionyeshe: tarehe ya kukoboa mpunga na ya kukaanga pumba; uzito wa mafuta, kostiki soda, maji na pumba; jina la aliyepima; idadi ya vipande vilivyotoka na vilivyovunjika; na mahali vilikouzwa. Mnunuzi akirudi na malalamiko, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kosa lilitokea wapi. Bila namba, chama kitalazimika kuitilia shaka sabuni yote.

Gharama zihesabiwe zote. Mara nyingi huhesabiwa mafuta na kostiki soda tu. Husahauliwa kuni au gesi, karatasi, usafiri, ada za vipimo, uchakavu wa vyombo na, zaidi ya yote, kazi ya wanaokoroga. Kina mama wa kikundi wakifanya kazi mwezi mzima bila kuandikiwa chochote, faida itakayosomwa katika mkutano mkuu itakuwa ni ujira wao uliokosa kulipwa. Ushirika haukuanzishwa kwa ajili hiyo.

Mkopo wowote sharti ukae ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu. Jaribio la kwanza liwe la mafuta kilo 10, likitoa vipande yapata 130. Viuzwe kwa wanachama na katika duka la chama. Vikiisha na wanunuzi wakarudi, jaribio la pili liwe kubwa zaidi. Visipoisha, chama kitakuwa kimepoteza kidogo na kujifunza mengi.

Muhtasari

Baki la zao ni zao la pili, na hudai uangalifu ule ule wa zao la kwanza: litenganishwe, likaushwe, lilindwe na lipimwe siku ile ile. Vipodozi huhitaji sehemu ndogo iliyo safi. Sehemu kubwa itabaki kuwa chakula cha mifugo. Yako mabaki yasiyofaa ngozi kamwe. Na mashine hununuliwa mwisho, baada ya soko na daftari kuthibitisha kwamba inahitajika.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Mashine ya chama chenu hutoa makapi na pumba pamoja au mbalimbali? Nani hununua pumba hizo sasa, na ataathirika vipi chama kikibadili utaratibu?

2. Kwa nini pumba zilizokaa wiki moja nyuma ya mashine zisitumiwe katika sabuni, hata kama zinaonekana kavu?

3. Chama hukoboa tani 40 za mpunga kwa mwaka. Kadirieni pumba zitakazopatikana. Sabuni ya kilo 200 za mafuta ya nazi itatumia pumba kiasi gani? Zinazobaki zifanyiwe nini?

4. Mwanachama mmoja anapendekeza mafuta ya ganda la korosho yatiwe katika krimu kwa kuwa ni ya asili. Mjibuni kwa heshima na kwa sababu.

5. Orodhesheni gharama zote za kutengeneza vipande 130 vya sabuni katika kijiji chenu, pamoja na ujira. Kipande kimoja kiuzwe bei gani ili chama kisipate hasara? Je, jirani atakinunua kwa bei hiyo?

Majibu ya swali la 5 yaandikwe na kuwasilishwa mbele ya bodi. Yakionyesha hasara, bodi iyapokee kwa shukrani ile ile ambayo ingeyapokea yakionyesha faida.